Maji Yaliyotulia Kwenye Kioo

Mwanangu, nakumbuka alasiri moja ya Idi ya kuchinja, katika shamba moja la Umm Salal, kaskazini mwa Doha. Nilitazama kioo cha injini ya gari moshi nikakiona kimejaa maji, na nyuma ya kioo kile maji hayakuwapo. Hatua chache kutoka pale, watoto walikuwa wamekwisha kukaa behewani pamoja na bibi yao, wanapiga makofi wakingoja safari. Miaka imepita, Mungu ameniongezea umri nisioustahili, na bado birika likianza kuunguruma jikoni kwa binti yangu hapa Al Wakrah, mimi huacha chochote nilichoshika.

Nikueleze kwanza nilifikaje pale, maana najua utajiuliza mzee wa Voi alitafuta nini shambani kwa Mwarabu.

Mwenye shamba tulimwita Abu Nasser. Alikuwa mtu wa makamo kama mimi, mpole, mwenye kucheka bila sauti. Matajiri wenzake walinunua kozi wa kuwindia na ngamia wa mbio. Yeye alinunua gari moshi. Alilikuta limeota kutu katika shamba la miwa la nchi ya mbali, akalileta kwa meli, akawaita mafundi kutoka ng'ambo wakalifufua na kulaza reli kuzunguka mitende yake, ili wajukuu wapate kupanda. Wakati huo Doha yenyewe haikuwa na treni hata moja ya abiria. Mafundi wakamaliza kazi, wakarudi kwao, pakakosekana mtu wa kuwasha moto. Ndipo dereva wa nyumba yake, kijana wa Kiganda aitwaye Okello, alipomwambia kwamba ana rafiki, mlinzi wa Kikenya, ambaye mjomba wake aliwahi kuendesha injini za mvuke bandarini Mombasa. Mlinzi huyo ni Hamisi, mtoto wa dada yangu. Mjomba ni mimi. Nikaitwa nikaja, na Hamisi akatolewa kwenye ulinzi awe mchochea moto wangu.

Siku niliyoiona injini ile mara ya kwanza nilishika kichwa. Ilikuwa ya aina ile ile niliyoanzia kazi nikiwa na ndevu changa.

Ni aina ya zamani sana, ya kizazi cha injini zilizokuja na watandika reli wa kwanza. Ni ndogo. Ina magurudumu sita tu, yameunganishwa kwa mikono ya chuma ili yote yasukume pamoja. Haivuti behewa la maji nyuma yake kama wafanyavyo wakubwa zake. Maji yake huyabeba yenyewe katika matangi mawili yaliyoning'inia ubavuni, huku na huku, kama punda na madumu yake. Waliobuni walikuwa na akili, Mungu aliwafunulia. Uzito wa maji yale ndio unaoyakandamiza magurudumu yasiteleze kwenye reli, na ule ufupi wa umbo unaiwezesha kupinda pale ambapo injini kubwa ingeng'oa reli. Kwa hiyo ikapelekwa kila mahali pembamba: bandarini, kwenye mkonge, kwenye miwa, kwenye machimbo ya mawe. Injini kubwa zenye majina zilikuja zikastaafu, na hii ndogo ikabaki inapanga mabehewa, haina sifa wala haina likizo.

Lakini boila lake ni dogo, na chungu kidogo hukauka upesi. Juu ya tanuri la moto kuna bamba la shaba, na juu ya bamba hilo lazima pawe na maji wakati wote. Maji yakishuka bamba likabaki wazi, huiva likawa jekundu, likalainika, na mvuke ulioshindiliwa mle ndani ukalipasua. Nimepata kuona boila lililopasuka. Hilo sitakusimulia.

Basi utajuaje kama maji yapo? Waliobuni waliweka bomba jembamba la kioo, limesimama mbele ya macho ya dereva, na maji ya boila huonekana humo. Kando ya kioo wakaweka vibomba vitatu vya shaba, kimoja juu ya kingine. Ukifungua kibomba kikatema maji, maji yamefika hapo. Kikitoa mvuke mkavu, hayajafika.

Dereva wangu wa kwanza alikuwa Mzee Mwakio, Mtaita mfupi, mtu wa kanisa kila Jumapili. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni, nimehitimu Kurani, najiona nimeelimika. Asubuhi moja pale bandarini akaniuliza, "Maji?"

"Yamejaa, mzee."

"Umejuaje?"

"Nimeyaona kwenye kioo."

"Yanacheza?"

Sikumwelewa. Nikamjibu kwamba yametulia vizuri tu, hayana wasiwasi.

Akanikamata sikio mbele ya makuli na kuusogeza uso wangu mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Injini inatetemeka mpaka meno yangu machache yanagongana, na wewe maji yako yametulia. Hayo ni maji au ni picha ya maji?"

Makuli walicheka mpaka mmoja akauweka chini mzigo wake. Mzee Mwakio akafungua vibomba vile mwenyewe. Alhamdulillahi, maji yalikuwamo. Ni uchafu kidogo tu ulioziba njia ya kioo. Siku ile hakikuharibika kitu isipokuwa sikio langu. Baadaye, tukinywa chai, akaniambia kwa upole, kama aliyemkemea mtu mwingine asubuhi ile: "Maji ya kweli hucheza. Yakitulia, usishukuru. Yaulize. Na ukiuliza ukakosa jibu kwenye vibomba vyote vitatu, usithubutu kuongeza maji. Ondoa moto kwanza."

Nikamwambia, "Lakini mzee, mwenye kiu si hupewa maji?"

"Mtu, ndiyo. Shaba nyekundu ukiimwagia maji ya baridi, yote yanakuwa mvuke kwa mkupuo mmoja, na mke wako anaanza eda."

Sikuwa na mke. Lakini maneno niliyaweka.

Sasa turudi Umm Salal. Idi ile Abu Nasser aliniruhusu nije Al Wakrah kwa binti yangu siku mbili za mwanzo, tusali na kula pamoja. Injini akaachiwa Hamisi, ambaye tayari alikuwa ameijua kazi. Jioni ya Idi nilimpigia simu.

"Hamisi, hujambo? Injini inaendaje?"

"Shwari, Mjomba."

"Maji?"

"Kila kitu shwari."

Siku ya tatu Okello akaja kunichukua kwa gari la nyumba. Njia nzima alikuwa akinitania kwamba Waganda walipewa reli na Wakenya wakapewa kelele zake. Tukafika baada ya sala ya alasiri. Hema limetandikwa mazulia, moshi wa nyama umetanda juu ya mitende, na watoto wamevaa kanzu mpya wamejaa behewani. Katikati yao ameketi mama yake Abu Nasser, ajuza asiyeweza kutembea bila kushikwa, amemkalisha mjukuu mdogo mapajani. Hamisi alikuwa juu ya injini, jasho linamtoka, mkono uko kwenye kamba ya honi.

"Karibu, Mjomba. Tulikungojea wewe tu. Mvuke umejaa, maji yamejaa, twende."

Nikapanda. Nikamsalimia, akanibusu mkono. Nikatazama kioo.

Kilikuwa kimejaa mpaka juu. Injini ilikuwa ikinguruma, watoto wanarukaruka behewani, chuma chote kinatetemeka chini ya viatu vyangu. Na maji yale yametulia tuli, kama yaliyo kwenye gilasi juu ya meza.

Mwanangu, mwili wangu ulijua kabla yangu. Sikio langu lilipata moto, lile lile alilolishika Mzee Mwakio. Nikakishika kijiti cha kufungulia maji ya kioo yamwagike, nikakifungua, yakatoka. Nikakifunga. Kioo cha kweli hujaa tena papo hapo. Hiki hakikurudisha kitu.

Nikafungua kibomba cha juu. Mvuke mkavu.

Nikafungua cha kati. Mvuke mkavu.

Nikasema Bismillahi, nikafungua cha chini. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini sauti ya kibomba kile sikuipatia methali. Ilikuwa kavu, nyembamba, ya kuchana. Hamisi akaisikia, na rangi ya uso wake ikabadilika kama majivu.

"Mjomba, maji hayapo."

"Hayapo."

Hapo akafanya jambo ambalo kila mtu mwenye huruma angelifanya. Aliruka kushika vali ya kuingizia maji ndani ya boila. Nikamdaka kifundo cha mkono. Sikujua kama bado nina nguvu kiasi kile.

"Acha. Ukifungua hiyo umetuua sote."

"Itaungua, Mjomba."

"Moto ndio unaounguza. Toa moto."

Nikatoa kichwa nje. Okello alikuwa amesimama kando ya behewa anapiga picha kwa simu. Sikupiga ukelele, watoto wakiogopa hujificha chini ya viti. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuagiza chai, "Okello, boila linataka kupasuka. Waondoe watoto mpaka nyuma ya ukuta wa zizi. Bila kelele."

Akaweka simu mfukoni, akapiga makofi, na kwa Kiarabu chake cha sokoni akatangaza kwamba kuna mwana wa ngamia zizini aliyezaliwa leo, na atakayefika wa mwisho hatamshika. Watoto wakamwagika kutoka behewani kama mtama kwenye gunia lililotoboka.

Ajuza hakuweza kushuka. Abu Nasser, aliyekuwa hemani na wageni, aliona watoto wanakimbia na akaniona uso. Alikuja mbio, kanzu ameikusanya kwa mkono mmoja, akamnyanyua mama yake na yule mjukuu pamoja, akawabeba mikononi kama mtu atoaye watu kwenye mafuriko. Mama alikuwa akimgombeza kwamba chai yake imebaki behewani.

Sisi wawili tukabaki na moto. Nikamwambia Hamisi, "Nenda nawe. Mama yako ana wewe tu."

Akasema, "Reki iko upande wangu," akaishika.

Reki ni chuma kirefu chenye jino, cha kukokotea makaa. Hamisi akayavuta, akayashusha kupitia trei ya majivu, mimi nikifungua milango ya chini yaangukie mchangani. Makaa mekundu yalimwagika kati ya reli, na joto lake likatupanda miguuni. Tulikuwa tumetoa sehemu kubwa ya moto, mlango wa tanuri ungali wazi, ndipo tuliposikia mlio mle ndani, kisha ngurumo. Waliobuni injini hizi waliweka kizibo cha madini ya risasi kwenye lile bamba la juu. Joto likizidi, risasi huyeyuka, mvuke hushuka kwenye tanuri kuuzima moto. Ni rehema yao ya mwisho kwa wazembe na wasio na bahati. Lakini kwa tanuri lililojaa moto rehema ile haitoshi. Mvuke ulitoka mlangoni kwa kishindo, ukamkumba Hamisi mkono wa kulia tangu kiwikoni mpaka vidoleni. Nikamvuta, tukaanguka wote wawili mchangani upande wa mitende, tukalala pale tukisikiliza.

Uliunguruma, ukapungua, ukawa kama mtu anayehema, kisha ukanyamaza. Bamba lilistahimili. Sijui nilisema shahada mara ngapi. Najua tu kwamba nilisujudu pale pale mchangani.

Okello ndiye aliyempeleka Hamisi hospitali, akarudi naye baada ya Isha mkono umefungwa bandeji. Wageni walikuwa wamekwisha kwenda. Abu Nasser alituita hemani, sisi watatu, na msimamizi wa shamba akiwa amesimama mlangoni. Hamisi alikuwa na hakika kwamba ataambiwa akafungashe.

"Ya Haji," Abu Nasser akaniambia, "nieleze maji yalikwenda wapi." Kwa kawaida alikuwa akikicheka Kiarabu changu cha chuoni, akisema nazungumza kama niliye mimbarini. Safari hii hakucheka. Nikamweleza kwamba nimefungua njia ya kioo nikaikuta imezibwa na tope jeupe la chumvi, kwa hiyo kioo kilibaki kimejaa huku boila likikauka, na kwamba maji matamu tuletewayo na lori hayaachi tope la namna ile. Yale yalikuwa maji ya kisima cha shamba, ambayo hata mitende huyanywa kwa shida.

Akamgeukia Hamisi. "Uliyatia wewe?"

"Mimi, Baba." Kule shambani, mwanangu, mwajiri huitwa Baba. "Lori la maji halikuja tangu mkesha wa Idi."

"Ulijua hayafai?"

"Mjomba alinifundisha. Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

Hamisi akasema, macho yako kwenye zulia, "Nilisema, Baba. Siku ya kwanza nilimwambia msimamizi lori halijaja. Akaniambia sikukuu hii hataki kusikia neno 'hakuna' kutoka kwa mtu yeyote. Nikaona basi. Ukiniuliza nasema sawa. Mjomba akinipigia nasema shwari. Mama akipiga kutoka Voi nasema shwari. Kila mtu akiniuliza, tayari namwona usoni jibu analolitaka."

Mwanangu, pale ndipo niliposhtuka kuliko nilivyoshtuka na kibomba cha tatu. Kijana wangu, wa damu yangu, nilimuuliza kwa simu akanijibu kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, nami nikaipokea nikarudi kwenye pilau.

Abu Nasser alimtazama msimamizi wake. Hakumkaripia, na nadhani kukaripiwa kungekuwa nafuu kwake. Alimuuliza taratibu, "Na mimi, huwa unaniambia sawa mara ngapi?" Abu Nasser akafunika uso kwa kiganja. Alipokiondoa, macho yalikuwa mekundu.

"Mama yangu alikuwa kwenye behewa lile," akasema. Kisha kwa Hamisi: "Mkono wako ukipona, kazi yako ipo. Hukukimbia. Lakini nyumba hii, kuanzia leo, mtu akiniletea 'hakuna', nitamshukuru kabla sijamuuliza chochote. Mkiniona nimekunja uso, nikumbusheni."

Okello, ambaye hawezi kukaa kimya hata msibani, akasema, "Basi Baba, hakuna mwana wa ngamia zizini. Watoto bado wananidai." Abu Nasser akacheka kile kicheko chake kisicho na sauti, mabega yanatikisika, na hata msimamizi akatabasamu kwa taabu.

Hamisi alipona. Ngozi ya mkono ilibaki na baka, lakini vidole vyote vinafanya kazi.

Sasa, mwanangu, uliye hapa Doha kwenye ulinzi, hotelini, wodini au nyuma ya usukani wa gari la watu, nasaha yangu ni hii. Unapoulizwa hali na mtu anayekupenda, usimjibu jibu analolitaka, mjibu lililopo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wanaoumbuka si yeye peke yake. Huwa kuna watoto wamekaa behewani nyuma yake. Kusema "sina", "sijui", "nimechoka", si utovu wa shukrani kwa Mungu. Mwenye kushukuru kweli huuona upungufu wake waziwazi, ndiyo maana akaomba. Na wakikukemea siku ya kwanza kwa kusema kweli, iseme tena siku ya pili, kwa mtu mwingine, kwa adabu.

Na wewe uliyebaki nyumbani unayepokea simu, au uliyepewa watu wa kuwasimamia, usitulizwe na salama isiyobadilika. Binadamu aliye hai leo amelala vizuri, kesho kichwa kinamuuma, keshokutwa amemkumbuka mama yake. Anayesema shwari mwezi mzima kwa sauti moja, muulize mara ya pili, na ya tatu. Kisha ukigundua amekauka, usimmwagie papo hapo mawaidha wala lawama, hata kama ni ya kweli. Ondoa kwanza kinachomchoma: mpe siku ya kupumzika, msikilize, mketishe mbali na anayemtisha. Mawaidha yatakuja baadaye na yatafaa.

Mimi nimezeeka na shukrani zangu ni nyingi kuliko siku zilizobaki. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini na akurejeshe kwenu ukiwa mzima. Akupe ulimi unaosema lililopo, akupe na watu wenye subira ya kulisikiliza. Amina.